Mkono Kichwani

9 Februari

Mama watoto,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo? Watoto hawajambo? Kikohozi cha kitinda mimba wetu kimekwisha au bado kinakunyima usingizi? Huku mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unaamka baada yangu. Nauacha kitandani, naenda kunawa uso, ndipo narudi kuuchukua.

Nakuandikia kwa sababu ninayotaka kusema hayasemeki kwenye simu. Chumba chetu kimejaa vitanda vya ghorofa, na nikikupigia wote wananyamaza kwa heshima, yaani wanasikiliza. Jumapili iliyopita nilipokuuliza kama umekula, jamaa wa kitanda cha juu akajibu, "Amekula, kaka, endelea." Basi simu ibaki ya salamu. Maneno tuyaweke kwenye karatasi.

Sibebi tena matofali. Sasa nafunga mizigo ya kreni. Nazungusha minyororo, naingiza ndoano, nasogea pembeni, namwashiria dereva aliye juu kabisa kwenye kile kijumba chake. Sisi tunamwita Mzee wa Juu. Hajui lugha yangu, sijui yake, na sijawahi kuuona uso wake vizuri, lakini nikipindisha kiganja hivi anateremsha, nikikunja vidole anasimama. Nyapara ameona naiweza kazi, anataka nifanye mtihani wa kupata kadi ya mpiga ishara. Kadi hiyo inakubalika popote penye kreni.

Tatizo mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza unajua kiliniacha darasa la tano, au mimi ndiye niliyekiacha. Kuna neno moja linanizungusha kichwa: andastendi. Asubuhi nyapara anatupanga, anaongea weee, mwishoni anapaza sauti, "Andastendi?" Sisi sote, watu wa lugha zote duniani, tunaitikia "Andastendi!" kama watoto wa darasa la kwanza, kisha tunatawanyika. Ukimuuliza yeyote kasema nini, anakuambia muulize mwenzako. Wiki iliyopita mwenzetu aliomba ruhusa, mama yake mgonjwa. Karani wa ofisi akamtazama kwa huruma, akamwambia yeye ana-andastendi kabisa, halafu akamnyima. Sasa juzi nimepewa karatasi, inaanza na neno hilo hilo: kampuni ina-andastendi kwamba nataka kuendelea. Nami sijamwambia mtu kitu! Wewe uliyemaliza sekondari, niambie, neno hili ni la watu wa aina gani?

Karatasi yenyewe ni mkataba mpya. Huu wa sasa unaisha Juni, nao wananipa miaka miwili mingine. Nimeamua nitie sahihi. Nimezungumza na kaka yangu, naye ameshauri ufunge chumba chako cha ushonaji, wewe na watoto mhamie kwake, ana vyumba viwili vitupu na atawaangalia. Nami naona ni busara. Mwanamke peke yake na watoto, muda wote huo, si vizuri. Naomba unielewe.

Wabusu watoto.

Mumeo

---

26 Februari

Baba watoto,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nikajua ni yako kabla sijasoma jina. Sisi hatujambo. Kikohozi kimekwisha, sasa ameanza kupiga mluzi, afadhali kikohozi. Pole na mgongo. Uambie unatakiwa nyumbani mzima mzima, hatupokei vipande.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini wewe ni mume wangu, nitakuambia.

Nimechukua kamusi ya binti yetu mkubwa. Understand kwanza ni kuyaelewa maneno, mtu akisema kwa lugha unayoijua. Hiyo ni rahisi. Kisha ni kukielewa kitu kinavyokwenda, na hapo maneno hayahitajiki. Mimi cherehani yangu naielewa. Ikibadilisha sauti kidogo tu najua sindano inataka kuvunjika, wala hakuna aliyenifundisha. Wewe na huyo Mzee wa Juu wako mnaelewana hivyo hivyo, na mtihani ukikuuliza jambo hilo usiogope, hilo unalo tayari.

Karani wako alitumia lile la kumwelewa mtu. Alimwambia mwenzenu, naona unavyoumia. Hakusema nitakusaidia. Kuliona shimo si kumvuta aliyetumbukia. La kwenye karatasi ni la ofisi: maana yake tumesikia, au tungependa iwe hivyo na tunakuambia kwa adabu ili uone haya kukataa. Na lile la nyapara si swali hata kidogo. Ni amri iliyovaa nguo za swali.

Ukiniuliza mimi, neno hili ni kama mfuko wa kanga. Kila mtu anatia chake humo, na ukiuona kwa nje huwezi kujua umebeba nini.

Kazi ipo. Shule mbili zimeniletea sare zao zote, na wasichana wawili wanajifunza kwangu. Mmoja ana mkono mzuri, mwingine ana mdomo mzuri, wakiunganishwa atapatikana fundi mmoja kamili.

Kuhusu mkataba na kuhamia kwa shemeji, nimeelewa.

Mkeo

---

17 Machi

Mama watoto,

Nakusalimu kwa furaha. Nashukuru umeelewa. Nilikuwa na wasiwasi utakuja juu, lakini umenijibu kwa neno moja la kiungwana, nami nikamwambia jamaa wa kitanda cha juu, "Umeona mke?" Akasema ameona.

Sasa nikusimulie yaliyotupata. Tuko salama sote, kwa hiyo soma bila kushika kifua.

Ameletwa kijana mmoja wa kwetu, tunamwita Mrefu, nimfundishe kufunga mizigo. Nikamwambia, mabomba haya yafunge kwa minyororo miwili, mmoja huku mwisho, mmoja kule mwisho, uzungushe mara mbili kila mmoja ndipo uingize ndoano. Umeelewa? Akasema, "Nimeelewa, kaka," kichwa kikitikisika kama cha mjusi ukutani. Nikaenda kusimama mahali pangu pa kuashiria. Akainua kidole gumba. Nikampa Mzee wa Juu ishara ya kupandisha.

Mzigo ulipofika usawa wa ghorofa ya pili, mabomba yakainama upande mmoja. Mrefu alikuwa amefunga mnyororo mmoja tu, katikati, kama mtu anayefunga mkanda wa suruali. Nikakunja vidole, Mzee wa Juu akasimamisha pale pale, lakini bomba lililokwisha kuteleza halina breki. Yakachomoka moja baada ya jingine, yakamiminika juu ya mabenchi tunaponywea chai. Mama watoto, saa ile tungekuwa tumekaa pale. Birika lilichelewa kuchemka, na watu walikuwa wamelizunguka jikoni wakimtukana mpishi. Kikombe cha nyapara tulikikuta bapa kama sahani. Tangu siku hiyo hakuna anayemwambia mpishi kitu.

Nikamvuta Mrefu pembeni.

"Mbona ulisema umeelewa?"

"Kaka, wewe mkubwa wangu. Nikisema sijaelewa si nitakuwa nimekuambia hujui kueleza?"

"Sasa ulifungaje?"

"Nilimuuliza huyu," akamwonyesha kibarua mwenzake.

Nikamgeukia huyu. "Na wewe ulimwambia nini?"

"Mimi nilidhani yeye ndiye ameelewa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Hata mimi nilipokuwa mgeni hapa nilikuwa natikisa kichwa hivyo hivyo. Kwetu sote heshima ni kuitikia. Ukimwambia mkubwa wako hujamwelewa, unaona kama umemvua kofia mbele za watu.

Basi nimeweka kanuni. Asiyeelewa asiseme kitu, aweke mkono kichwani, juu ya helmeti, Mzee wa Juu amwone hata kwa mbali. Mkono ukiwa kichwani ndoano haiendi popote. Mimi naacha nafasi yangu, naenda kusimama mbele yake, uso kwa uso, namweleza tena. Akimaliza kusikia hasemi "nimeelewa". Anarudia kwa maneno yake mwenyewe niliyomwambia. Akikosea naanza upya.

Siku ya kwanza haukuinuka mkono hata mmoja. Unajua kwetu mkono kichwani ni wa msiba, kila mmoja alikumbuka kofi la mama yake. Mrefu akaninong'oneza, "Kaka, mama angeniona hivi angeuliza nani kafa." Nikamjibu, "Mwambie hajafa mtu, na ndivyo tunavyotaka iendelee." Akacheka, akauweka. Sasa wanauweka wote, hata watu wa lugha nyingine. Nyapara alitucheka kwanza. Wiki hii nimemwona naye anawauliza watu, rudia nilivyosema.

Karatasi ya mkataba nitairudisha ofisini mwisho wa Aprili. Mmeshahamia? Kaka anasema vyumba vimefagiliwa.

Mumeo

---

22 Aprili

Mama watoto,

Hujambo. Watoto hawajambo. Mimi sijambo, lakini sina raha.

Hukujibu barua yangu. Kwenye simu unaniuliza mvua, nakujibu jua, tunaagana. Leo kaka amenipigia. Anasema vyumba vilifagiliwa vikaingia vumbi, vikafagiliwa tena. Anasema alipita kwako akakuta mafundi wanabomoa ukuta, unaunganisha chumba cha ushonaji na cha jirani, na kuna cherehani mpya imekaa katikati kama bibi harusi. Alipokuuliza utahama lini, ulimkaribisha chai.

Chai! Mimi huku naambiwa mambo ya nyumba yangu kama mpangaji. Uliandika nini mwezi wa pili? Barua hiyo ninayo hapa, nimeifungua. Umeandika kwa mkono wako "nimeelewa". Sasa umeelewa nini? Au mimi ndiye wa kuchezewa kwa sababu niko mbali? Kaka anasema nimekulegezea kamba. Nami nilikuwa nimekaa kukuandikia maneno makali kuliko haya, nilikuwa nimeshayapanga vizuri kichwani.

Halafu Mrefu akaingia chumbani na helmeti yake mkononi.

Kalamu ikasimama, mpaka jamaa wa kitanda cha juu akauliza kama nimeishiwa wino. Nilikuwa namkumbuka alivyotikisa kichwa siku ile ya mabomba. Nimeelewa, kaka. Na mimi nikaridhika, nikapandisha mzigo.

Mke wangu, yale maneno makali nayaacha. Nakuomba kitu kimoja. Usiniambie umeelewa. Niambie kwa maneno yako mwenyewe nilichokuambia. Karatasi bado iko chini ya mto wangu. Nimemwomba karani aningoje mpaka mwisho wa Mei. Aliniambia ana-andastendi, na safari hii alikuwa na maana ya ndiyo.

Mumeo

---

6 Mei

Baba watoto,

Asante kwa yale maneno makali uliyoyaacha. Najua uzito wake, nimeishi nawe. Sisi wazima. Mgongo wako je? Na mikono? Umeongea sana habari za mikono ya wengine.

Umesema nirudie. Haya.

Uliniambia kwamba umekaa huko miaka minne na utakaa miwili zaidi. Uliniambia umeshaamua, ukaniarifu. Uliniambia nifunge kazi niliyoianza kwa cherehani ya kuazima, nikaishi katika vyumba vya shemeji ambako hata chumvi nitaomba. Uliniambia kwamba peke yangu siwezi, na hayo ukayaandika kwa mwanamke ambaye amekaa peke yake miaka minne na anaweza. Kisha ukaniomba nikuelewe. Nimerudia sawasawa? Kama nimekosea, anza upya, ndiyo kanuni yako.

Sasa nikuambie ile "nimeelewa" yangu. Nimekuambia mara tatu. Mara ya kwanza ulipoondoka ilikuwa kweli, tulikuwa tumezungumza usiku na mchana na nilikubali kwa moyo wote. Mara ya pili, ulipoongeza miaka miwili, ilikuwa ile ya karani: niliona unavyoumia nikakuhurumia, lakini sikukubali, nawe hukuuliza tofauti. Hii ya mwezi wa pili ilikuwa ile mnayomwitikia nyapara asubuhi. Nilisema ili kikao kiishe nirudi kwenye sare za watoto wa watu. Hapo nami nina kosa langu. Nilimkaribisha shemeji chai badala ya kukuandikia wewe. Nilinyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu, ndio huo ukuta ulioanguka.

Ukuta sikuubomoa kwa ujeuri. Kazi imejaa, wasichana sasa wako wanne. Hatuombi kwa mtu.

Ng'ambo ya barabara wanajenga hospitali. Kreni yao inaonekana dirishani kwangu. Kitinda mimba wako anaipungia mkono kila asubuhi kabla ya uji, anasema "Baba yuko kule juu." Dada yake amemweleza sivyo, lakini yeye anasema anakujua, ile sauti ya kwenye simu lazima itoke mahali pa juu. Alikuwa tumboni ulipoondoka. Mume wangu, mtoto anakujua hivyo. Kamusi haina hiyo.

Mimi nilivuka barabara nikamuuliza nyapara wao anatafuta watu gani. Akasema vibarua wamejaa, anayemkosa ni mpiga ishara mwenye kadi. Akasema jengo lile lina kazi ya muda mrefu, na likiisha kuna jingine.

Ninachotaka ni hiki, nakisema mara moja bila kukivalisha nguo: usitie sahihi. Fanya mtihani, chukua kadi, rudi. Nakutaka wewe, na sikutaki kwa sababu nimeshindwa. Nimeweza, na bado nakutaka.

Sasa rudia wewe.

Mkeo

---

28 Mei

Mke wangu,

Salamu kutoka kwangu na kutoka kitanda cha juu, ambaye safari hii hakusomewa kitu, amekisia tu kwa uso wangu.

Ulisema nirudie. Sikujua ni kazi ngumu hivi, sasa nawahurumia vijana wangu. Nimeandika nikafuta, kwa sababu mara ya kwanza nilijikuta naandika ninachotaka kujibu badala ya ulichosema. Hii ni mara ya tatu.

Ulisema nilikuarifu, sikukuuliza. Ulisema kazi yako ni kazi kama yangu, nami nilitaka ifungwe kama duka la mtu aliyekufa. Ulisema ulihuzunika mara ya pili na sikuona. Ulisema kaka yangu ni kaka yangu, lakini nyumba ni yako na yangu. Ulisema mtoto anaipungia kreni akidhani ni mimi. Ulisema unanitaka, na hujashindwa.

Mwambie huyo mpiga mluzi kwamba baba yake si wa juu. Baba yake ni yule wa chini, anayetazama juu.

Nimefanya mtihani. Mtahini alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, ananiuliza kila baada ya sentensi, andastendi? Mara mbili nikaweka mkono kichwani. Akashangaa, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba kwetu kazini ishara hii maana yake sijaelewa, njoo karibu. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini akaja karibu, akaeleza tena, nami nikamrudishia maneno yake. Kadi nimepata. Picha yangu iliyomo inafanana na mtu anayedaiwa, usishtuke.

Karatasi nimeirudisha ofisini bila sahihi. Karani akanitazama kwa huruma, akasema ana-andastendi. Nikajua ni ipi kati ya zile zako. Nikamwambia asante, na huruma hiyo ampe mwenzetu mwenye mama mgonjwa. Alikohoa. Juzi nimesikia mwenzetu amepewa ruhusa, sijui kama ni kwa kikohozi hicho.

Kaka nimempigia mwenyewe. Nimemwambia vyumba apangishe. Alinuna, kisha akauliza kama unaweza kumshonea suruali mbili. Hilo mzungumze wenyewe.

Mrefu ndiye anayechukua nafasi yangu ya kufunga. Jana alimfundisha mgeni, akamwambia arudie, yule akakosea, Mrefu akaanza upya bila kupandisha sauti. Nilisimama mbali nikijifanya natafuta glovu.

Nimechoka, mama watoto. Mikono imekuwa migumu, mgongo ndio huo unaoujua. Lakini kazi naijua, na pa kuifanyia sasa napajua. Mkataba ukiisha mwezi ujao napanda gari la kwanza. Nitaleta mgongo mzima kadiri utakavyokubali.

Narudi nyumbani. Umeelewa?

Mumeo

---

12 Juni

Baba watoto,

Sote wazima, na cherehani zote nzima.

Barua yako nimeisoma. Kisha nikampa binti yako akaisoma kwa sauti, wasichana wangu wanne wakiacha kushona bila ruhusa. Umerudia vizuri. Nimesahihisha mahali pamoja tu: sikusema nilihuzunika mara ya pili, nilisema nilikuhurumia. Ila ulivyoandika wewe ndivyo ilivyokuwa.

Lile la mwisho, kwamba unarudi, sijaelewa.

Nimeliweka karibu, nimeliweka mbali, sijaelewa. Kwa hiyo nimeweka mkono kichwani, hapa hapa mlangoni. Kitinda mimba ameniona naye akauweka wake. Jirani amekuja mbio kuuliza nani kafa. Nimemwambia hajafa mtu.

Kanuni ni yako, hatukuitunga sisi. Mkono ukiwa kichwani ndoano haiendi popote, na mpiga ishara anaacha nafasi yake, anakuja kusimama mbele ya aliyeuliza, uso kwa uso, aeleze tena.

Mkono unaanza kuchoka. Fanya haraka.

Mkeo